UZI: Nimehesabu kaboni ya ghorofa ya chama chetu hapa Utawala, na stima siyo iliyonitisha

Mwalimu_Hesabu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakubwa. Uzi ni mrefu, atakayechoka apite tu.

Chama chetu kina ploti huku Utawala, Nairobi. Tuko watu kumi na wawili, tulianza na mzunguko wa elfu mbili kwa mwezi, Mungu si Athumani. Tunataka kuinua sakafu nne, kila sakafu nyumba nne za vyumba viwili, jumla kama mita za mraba 1,100. Michoro iko, na orodha ya vifaa tumeshapewa. Juzi tumepeleka maombi ya mkopo, tukarudishiwa fomu yenye swali ambalo mweka hazina wetu alilisoma mara tatu: jengo hili litatoa kaboni (yaani hewa ukaa) kiasi gani maisha yake yote, kuanzia kiwanda cha simiti hadi siku ya kubomolewa?

Mimi ni katibu, na nafundisha hesabu. Mnajua kazi ilimwangukia nani.

Nikaanza na vya kununua. Mifuko kama 4,000 ya simiti kwa msingi, nguzo, mabimu, slabu, uashi na plasta. Hiyo ni tani 200. Kwa kilo 0.8 za kaboni kwa kila kilo ya simiti, ni tani 160. Vyuma ni tani 45, na hapa inategemea vimetoka wapi: kilichoyeyushwa kutoka kwa madini kwa makaa ya mawe kinabeba karibu tani 2 za kaboni kwa kila tani, cha chakavu kilichopikwa kwa tanuri la umeme kinabeba chini ya nusu ya hapo. Nikaweka tani 60. Mawe, kokoto, mchanga, mbao na malori nikakisia 40. Jumla tani 260, na hakuna mpangaji aliyeleta hata godoro.

Kisha stima. Nyumba 16, uniti 100 kwa mwezi kila moja, ni uniti 19,200 kwa mwaka. Umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hauchomi mafuta. Nikatumia gramu 100 kwa uniti. Ni kama tani 2 kwa mwaka. Miaka 50, tani 100.

260 kwa 100. Nilirudia nikidhani nimepoteza nukta mahali. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wanangu wazime taa.

Sasa nauliza: kama sehemu kubwa inamwagwa kabla ya kukata utepe, sisi wenye ploti ndogo tunaweza kupunguza wapi bila kujenga kaburi?

---

Mzee_wa_Mabati

Mwalimu, kaboni ya Kenya nzima haifiki hata asilimia 1 ya dunia. Waambie hao wa fomu waanze na Marekani, wakimaliza huko waje Utawala. Sisi tujenge.

---

Mwalimu_Hesabu

Mzee, mkopo nautaka mimi, Marekani haijaomba. Halafu angalia hivi: kila tani ya simiti ninayoondoa ni mifuko 20 ambayo sitailipia. Hata ukiwa huamini habari za tabianchi, risiti ya hadiwea unaiamini.

---

Injinia_Mchovu

Hesabu yako si mbaya, Mwalimu. Ngoja nieleze kwa nini simiti ndiyo mchawi, maana watu hudhani ni moshi wa kiwanda tu.

Simiti inaanza na mawe ya chokaa. Yanachomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi hadi yawe klinka, vile vidonge vyeusi vinavyosagwa baadaye. Jiwe la chokaa lenyewe limefungia kaboni ndani yake, na moto ukilipasua kaboni inatoka. Kama asilimia 60 ya kaboni ya klinka inatoka kwenye jiwe, inayobaki ndiyo ya moto. Kwa hiyo hata ukiwasha tanuri kwa jua la Garissa, zaidi ya nusu inabaki palepale. Kidunia simiti peke yake ni kama asilimia 8 ya kaboni yote. Majirani zetu wa UNEP pale Gigiri, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanahesabu majengo na ujenzi kwa jumla kuwa zaidi ya theluthi moja ya kaboni ya nishati na viwanda.

Wenzetu wa Ulaya walianza na kuziba madirisha na kubadilisha mitambo ya kupasha joto, kwa sababu kwao baridi ndiyo iliyokuwa ikila mafuta. Baadaye wakagundua kwamba nyumba ikishakuwa na bili ndogo, kilichobaki kiko kwenye zege. Denmark iliweka kikomo mwaka 2023: majengo mapya ya zaidi ya mita za mraba 1,000 yasizidi kilo 12 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, ikihesabiwa miaka 50. Ya Mwalimu: tani 360 gawanya kwa 1,100, gawanya kwa 50. Ni kilo 6.5.

Lakini usiende kujisifu kwenye mkutano wa chama. Hukuhesabu rangi ya kila miaka mitano, vigae, mabomba, matangi, waya, milango itakayobadilishwa mara mbili tatu, na lori la kuzoa kifusi. Vyote vimo kwenye hesabu ya maisha yote.

Nairobi Mungu alitupa urefu, kama mita 1,700 juu ya bahari, na hatuhitaji hita wala kiyoyozi nyumbani. Ndiyo maana yetu imeelemea zege mapema kuliko yao. Anayekuja kukuuzia paneli kumi za sola kama dawa ya kaboni ya jengo hajapiga hesabu yako.

---

Fundi_wa_Kayole

Wakubwa naomba niseme kama mtu wa karai. Mimi nimekoroga zege miaka 22.

Mkianza kusema "punguza simiti" mnanitia baridi. Mtaa wa Huruma hapa Nairobi, Aprili 2016, ghorofa lilikwenda chini usiku wa mvua na watu kama 50 wakazikwa humo. Kila mwaka tunasikia lingine. Na kawaida si kwamba simiti ilikuwa nyingi. Bosi anakuja asubuhi, anasema hii kipimo chenu ni ya kizungu, ongeza karai mbili za mchanga. Mkimpa mtu kama huyo neno "kaboni" atalitumia kama kibali.

Hiyo nimesema. Sasa niseme na ukweli wa upande wetu: mjengo unapoteza simiti vibaya sana. Maji yanamwagwa kwa macho, zege linakuwa uji, injinia akipiga kelele tunaongeza mfuko ili lishike. Jumamosi saa tisa mchanganyiko uliobaki unamwagwa nyuma ya choo. Mifuko inalala chini bila mbao, mvua moja, ishirini imekuwa mawe. Na mingine, wacha tu niseme, inaondoka na bodaboda jioni.

---

Mwalimu_Hesabu

Iliyoondoka na bodaboda tuiandike kwenye kaboni ya nani, Fundi?

---

Fundi_wa_Kayole

Ya mlinzi 😂

---

Injinia_Mchovu

Fundi amegusa penyewe. Nguzo, mabimu na msingi hazijadiliwi. Pale unafuata mchoro, unapima kwa sanduku na si kwa karai iliyobonyea, unatengeneza vipande vya majaribio na kuvivunja maabara siku ya 7 na ya 28.

Unapoweza kukata ni kwengine. Kwanza soma mfuko. Wengi tunanunua 42.5 (hiyo ni namba ya nguvu ya simiti) kwa kila kitu, hadi plasta ya choo. Aina iliyoandikwa CEM I ni klinka asilimia 95 kwenda juu. CEM IV ile ya 32.5 imechanganywa na pozolana, majivu ya volkano ambayo Bonde la Ufa limetujalia, na katika daraja la B pozolana inaruhusiwa kuwa kati ya asilimia 36 na 55. Kwa uashi na plasta inatosha kabisa, na bei iko chini. Kwenye orodha ya Mwalimu, mifuko ya uashi na plasta haiwezi kukosa 900. Ukihama kutoka CEM I kwenda CEM IV kwenye hiyo tu, umeokoa kama tani 14 za kaboni bila kugusa nguzo hata moja.

Angalizo: ya pozolana inakawia kushika. Inataka kumwagiliwa maji siku nyingi zaidi. Anayetaka kutoa mbao za slabu siku ya saba ili ahamie mjengo mwingine asiitumie kwenye slabu.

Iko na nyingine inaitwa LC3 inayozungumzwa sana: klinka nusu, udongo wa mfinyanzi uliochomwa asilimia 30, chokaa mbichi 15, jasi 5. Udongo huo unachomwa kwa nyuzi 800 hivi na haufungui kaboni kama chokaa, ndiyo maana inapunguza karibu asilimia 30 hadi 40. Ukiikuta hadiwea ya Utawala nishtue.

---

Mchoraji_Ramani

Mimi ni msanifu, na naona nyote mnapigania ladha ya chumvi wakati sufuria yenyewe ni kubwa mno.

Mwalimu, weka mchoro wako mezani uniambie: maegesho yako wapi? Nikikisia, sakafu ya chini umeacha wazi magari yaingie, nguzo zimekaa kwa mpangilio wa magari, halafu juu kuta za vyumba haziangukii juu ya nguzo hizo. Kwa hiyo injinia wako ameweka mabimu mazito ya kubeba kuta zinazoelea, na slabu imenenepa hadi milimita 200. Nguzo zikifuata kuta, umbali ukawa mita tatu na nusu hadi nne, slabu ya 150 inakaa vizuri. Milimita 50 kwa mita za mraba 1,100 ni mita za ujazo 55 za zege. Piga hesabu mwenyewe.

Kule Kilimani utakuta ghorofa limeanza na sakafu tatu za kulaza magari, na mbili kati ya hizo zimechimbwa chini ya ardhi. Zege lote hilo, feni za kutoa moshi, pampu za kutoa maji, na wapangaji nusu wanatumia gari la kuitwa kwa simu.

Pili, udongo. Utawala ni udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka Januari. Najua mtachimba hadi murram au mwamba, hapo ndipo msingi unameza mifuko. Pima udongo kwanza, kwa mtaalamu, kwa mashimo zaidi ya moja. Nimeona ploti mbili zinazopakana, moja mwamba uko mita moja, nyingine mita mbili na nusu. Bila kupima, injinia anajilinda kwa kuongeza, na mimi simlaumu.

Tatu ni la bure: urefu wa jengo ulale mashariki kwenda magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Tuko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua la saa kumi jioni linaingia dirisha la magharibi kama mdai aliyeahidiwa hela. Na mawe ya Ndarugo yakichongwa vizuri kwa mashine hayahitaji plasta nje. Jaza viungo, acha jiwe lionekane. Hakuna plasta, hakuna rangi, hakuna kupaka tena kila miaka mitano.

---

Mwalimu_Hesabu

Umekisia maegesho hadi nimegeuka nyuma kuangalia kama uko dirishani.

Mita za ujazo 55 × kilo 340 za simiti kwa kila moja ni kama tani 19 za simiti, tani 15 za kaboni. Na vyuma vitapungua pia. Nimeandika.

---

Mama_Wapangaji

Wanangu, nimesoma yote kimya kimya. Nina nyumba 12 Donholm tangu wa kwanza wangu akiwa darasa la pili. Mmehesabu simiti, mmehesabu taa. Nani anapika humo ndani? Mbona hakuna mtungi hata mmoja kwenye hesabu yenu?

---

Mwalimu_Hesabu

Mama, umenivua nguo mbele ya watu.

Nimerudi kwenye karatasi. Familia ya watu wanne inamaliza mtungi wa kilo 13 kwa wiki sita hivi. Ni kilo 113 kwa mwaka. Kila kilo ya gesi ikiungua inatoa kama kilo 3 za kaboni. Kwa hiyo nyumba moja ni kilo 340, nyumba 16 ni tani 5.4 kwa mwaka. Miaka 50: tani 270.

Jikoni kumemeza kaboni sawa na jengo lote. Kichwa cha uzi kinabaki kweli, stima kweli siyo, lakini niliyemfunga ni mtu mmoja na wezi walikuwa wawili.

---

Injinia_Mchovu

Nimejenga miaka 15 na sijawahi kuulizwa swali hilo. Asante Mama.

Na linabadilisha kitu kwenye mchoro leo, kabla ya kuta kupanda. Nyumba zetu nyingi za kupanga zimewekewa waya wa taa, soketi, na bafu la kupasha maji papo hapo. Jikoni hakuna laini yake. Mpangaji akiacha gesi akaleta jiko la stima la induksheni la sahani mbili, swichi kuu inaanguka na anapigiwa kelele na caretaker. Weka laini ya jikoni peke yake, waya wa milimita za mraba 6, sasa hivi. Kupasua ukuta baadaye ndiyo gharama.

---

Mzee_wa_Mabati

Na stima ikipotea ugali ukiwa umeanza kushika? Mtapika kwa kaboni?

---

Mama_Wapangaji

Mzee, mtungi mdogo unabaki kwenye kona kwa siku hizo. Hakuna aliyesema utupwe. Wapangaji wangu wawili wana sufuria za stima zenye presha. Githeri waliyokuwa wakichemsha nusu siku kwa gesi wanaipika kwa tokeni chini ya uniti moja. Ugali wa watu wanane, hapana, huo bado ni wa gesi na mwiko mrefu.

Lakini nyumba yangu nyaya zake ni za zamani. Watatu wakipika saa moja jioni, nabaki nikipanda ngazi kuwasha swichi. Magoti yangu yanajua hayo maneno ya injinia.

---

Aliyehama_Upper_Hill

Niongeze upande wa ofisi kwa sababu nyumba zimepata wakili.

Nilifanya kazi kwenye jengo lenye vioo pande za mashariki na magharibi, madirisha hayafunguki. Julai nje ni nyuzi 12 asubuhi, ndani kiyoyozi kinanguruma kwa sababu jua la saa tatu limeshaingia. Mji huu wa baridi tamu tunajenga chafu ya nyanya kisha tunalipia kuipoza. Na si umeme tu: gesi iliyo ndani ya viyoyozi vingi, R-410A, kilo moja ikivuja inapasha dunia kama kilo 2,088 za kaboni. Fundi wa kiyoyozi akija "kujaza gesi" kila mwaka, jiulizeni ya mwaka jana ilikwenda wapi.

Wakati huohuo ofisi mpya ya UN pale Gigiri, ile ya 2011, imejengwa ikipitisha hewa yenyewe katikati, na sola juu. Maktaba ya chuo cha CUEA kule Lang'ata inapitisha hewa juu ya mawe yaliyopangwa chini ili ipoe. Wanafunzi wanasoma humo bila mngurumo wowote.

Na jambo lingine linaloniuma. Kilimani na Kileleshwa bangaloo za mawe zinabomolewa kila wiki. Sisemi tuishi kumi kwenye nusu ekari, mji umejaa. Lakini zile nyumba za Kaloleni za miaka ya 1940 bado zimesimama na watu wanalala humo. Kaboni yake ilishalipwa na babu zetu. Ghorofa la vioo lenye miaka 20 nimeona likivuliwa hadi mifupa kwa sababu mtindo umepita.

---

Mchoraji_Ramani

Kwenye bangaloo zinazobomolewa, Mwalimu, mawe ya zamani, milango ya mbao ngumu, makenchi ya paa na mabati mazito vinauzwa palepale getini. Nenda na mtu anayejua mbao. Kwa mawe ya ukuta wa ploti na sakafu ya nje huna haja ya kitu kipya.

---

Fundi_wa_Kayole

Milango ya zamani ndiyo. Vyuma vya zamani hapana. Akiwaletea mtu vyuma vilivyonyooshwa kwa nyundo mwambieni akajengee kuku.

Na mimi nauliza: ile tofali ya kushikana, ya murram na simiti kidogo, inayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, kwa nini hamjaitaja?

---

Injinia_Mchovu

Nzuri sana Fundi, simiti ndani yake ni asilimia 5 hadi 10 tu, na hazitaki udongo wa simiti katikati kila mstari. Lakini inataka murram mzuri karibu, na Utawala utauleta kwa lori. Udongo mweusi haushindiliki kuwa tofali. Kwa ghorofa nne itumike kama kuta za kugawa ndani ya fremu, si kubeba mzigo. Kwa nyumba ya chini kule Ruiru au Kikuyu ningeanza nayo kesho.

---

Mwalimu_Hesabu

Narudi na habari za mkutano wa Jumapili. Ulichukua saa nne na chai mara mbili.

Yaliyopita: mchoraji anasogeza nguzo zifuate kuta, slabu inarudi 150 injinia akikubali kwa maandishi. Uashi na plasta ni 32.5 ya pozolana. Nje hakuna plasta ila kwenye ngazi. Laini ya jikoni kwa nyumba zote 16. Mweka hazina alitaka nane, kina mama wa chama wakamtazama, akaandika 16. Simiti inalala juu ya mbao, ndani, na daftari la mifuko linasainiwa na watu wawili jioni.

Yaliyokataliwa: maegesho yamebaki kumi na mawili. Nilipendekeza sita. Mwenyekiti, ambaye hana gari, alisema nyumba bila parking haipangishwi. Kura zilikuwa tisa kwa tatu.

Fomu nimeijaza na mtungi umo. Afisa wa mkopo amenipigia kuuliza gesi ya kupikia imeingiaje kwenye hesabu ya jengo.

---

Mama_Wapangaji

Mpe namba yangu.

---

Fundi_wa_Kayole

Mwalimu slabu ya kwanza mnamwaga lini? Kama ni Jumamosi, anzeni saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne. Na mtu wa kumwagilia maji siku kumi na nne atafutwe sasa, alipwe kando, asiwe yule wa lango.